Rudia, Ndiyo Niachie

Rafiki yangu, vuta stuli ukae. Wewe ni mtu ninayemwamini, najua nikikupa neno halitaanguka njiani, ndiyo maana nimeanza na wewe kabla ya wengine. Nataka nikuambie juu ya jirani yangu wa miaka mingi hapa mtaa wa Maringo, mzee tuliyekuwa tunamwita Baharia. Jina lake lingine sikulitumia hata siku moja, na yeye hakulitaka. Ukimuuliza alizaliwa wapi anakuambia, "Nilizaliwa nimeshika kamba," halafu anakuuliza kama chai iko.

Wengine walisema ni mtu wa Pwani, wengine wakasema ni wa upande wa ziwa. Ninachojua mimi ni hiki. Alipokuwa kijana aliingia kwenye meli ya Waingereza pale Mombasa, meli ya kubeba mizigo, ya matanga, haina injini hata ya dawa. Wakati huo meli za moshi zilikuwa zimejaa kila bandari, na hiyo yao ilikuwa kama mkokoteni kati ya malori. Ilikuwa imeleta makaa, watu wake wawili wakashikwa na homa wakaachwa hospitali, nahodha akatafuta mikono mingine. Akachukua ya Baharia. Wakazunguka dunia: makaa kutoka Uingereza, ngano kutoka Australia, mbolea kutoka huko Amerika ya Kusini. Alirudi mtu mzima, akaja Nairobi ambako bahari haiko, akakaa.

"Kwa nini Nairobi?" nilimuuliza.

"Mama Njeri, kazi ya bahari nilimaliza. Sasa nikae nikiiangalia kwa nini?"

Asubuhi yoyote ukipita mlangoni kwake ungemkuta amepiga magoti, jiwe mkononi, anasugua sementi ya baraza kwa mchanga na maji. Hiyo sementi ilikuwa nyeupe mpaka unaogopa kuikanyaga. Mama Atieno, wa mlango wa tatu kutoka kwangu, alikuwa hamwachi apumue.

"Baharia, ukiendelea hivyo utatoboa utokee upande wa pili wa dunia!"

"Upande wa pili nimefika. Huko pia ni kuchafu."

Alikuwa na mawe mawili, kubwa na dogo. Siku moja akaniambia, "Hebu nipatie hiyo Biblia hapo." Nikaangalia huku na huku, Biblia sioni. Akanionyesha lile jiwe kubwa. Lile dogo, akasema, ndilo kitabu cha sala. Mimi ni mtu wa kanisa tangu nikiwa msichana, nikakasirika mpaka nikaweka debe langu chini. Nikamwambia mambo ya Mungu si ya kuchezea.

"Si mimi, mama. Ni Wazungu wa meli ndio waliyaita hivyo, kwa sababu huwezi kuyatumia bila kupiga magoti. Sitaha yote, ile sakafu ya juu ya meli, tulikuwa tunaisugua namna hii, mbele mpaka nyuma. Hata kama mvua imenyesha usiku na Mungu mwenyewe ameshaiosha."

"Basi wewe umepiga magoti kunishinda."

"Na Pasta pia," akasema, akaendelea kusugua.

Usifikiri alikuwa mtu wa kueleweka. Alizunguka bahari zote na hakujua kuogelea. Aliniambia mabaharia wengi wa meli ile hawakujua, kwa sababu ukianguka kutoka kule juu ya mlingoti meli haiwezi kugeuka haraka, na kuogelea kungekupa tu muda wa kufikiria. Mvua ikinyesha Maringo na maji yasimame barabarani, mtu huyo aliyevuka maji ya dunia alikuwa anakaa ndani mpaka yakauke. Samaki alikuwa hali. Mama Atieno akikaanga samaki, harufu ikitembea kwenye laini yote ya nyumba zetu, Baharia anafunga dirisha.

"Wewe ni baharia wa wapi asiyekula samaki?" Mama Atieno anampigia kelele kutoka mlangoni.

"Nilikaa nao miaka mingi bila kuwala, na wao hawakunila. Tulikubaliana!"

Na ukimpa chapati, kabla hajaikata alikuwa anaigonga kwenye meza. Tap, tap. Mara ya kwanza nilidhani ananidharau. Nilikuwa nimeipika kwa samli nzuri, nimeifunika kwa kitambaa safi, halafu mtu anaigonga kama anaangalia kama tairi ina upepo. Akaona uso wangu.

"Samahani sana, mama. Si wewe. Kwenye meli tulikuwa tunapewa biskuti ngumu kama tofali, na ndani kuna wadudu. Unagonga kwanza watoke. Mkono umezoea, haujui kwamba tuko kwako."

Watoto wangu wakachukua hiyo tabia. Mpaka leo Njeri, mtu mzima mwenye kazi mjini, akikaa kwangu anagonga chapati yake ndiyo ale. Nimeacha kugomba.

Lakini kile nilichokuitia hapa ni hiki kingine. Meli ile ilikuwa na usukani, gurudumu kubwa la mbao. Mtu mmoja anasimama hapo na kuishika meli kwenye njia yake, zamu yake ikiisha anakuja mwingine. Yule wa kwanza haachii hivi hivi. Anamwambia mwenzake meli inaelekea wapi. Mwenzake anarudia kwa sauti, neno kwa neno. Hapo ndipo wa kwanza anatoa mkono. Asiporudia, hata kama ni baridi mpaka vidole vimekufa, hata kama uji wake unapoa, mkono hautoki.

"Sababu gani?" nikamuuliza. "Si anamwona yuko hapo?"

"Mama Njeri, kati ya mkono wangu na mkono wako kuna mahali ambapo meli haina mtu. Hapo ndipo inapotea."

Alileta hiyo sheria Maringo kama vile tulikuwa tumeiomba. Ukimwachia ufunguo, "Rudia." Ukimtuma soko la Burma akuletee mifupa ya supu, anasimama mlangoni anarudia mwenyewe: "Mifupa, yenye nyama kidogo, si ya jana." Watoto wakimwamkia kwa lugha yao, "Sasa, Baharia!" anawajibu, "Rudia!" Wanapiga kelele wote, "Sasa, Baharia!" Ndiyo anasema, "Fiti." Mimi nilikuwa nasoma ngumbaru jioni wakati huo, na mwalimu wetu pia alikuwa anatuambia turudie, sisi wamama wazima na miwani, kama watoto. Nilipomweleza Baharia akasema, "Huyo mwalimu angefaa kwenye meli."

Tulimcheka mpaka siku ya harusi ya binti wa jirani. Wanawake wa kanisa tulipika pilau, sufuria kubwa ya kukoroga kwa mikono miwili. Mimi nikatia chumvi nikaenda kuangalia kachumbari, nikamwambia mwenzangu, "Angalia hapo." Yeye akatia chumvi akaitwa nje, akamwambia Mama Atieno, "Angalia hapo." Mama Atieno naye, unafikiri alifanya nini? Wageni walikunywa soda zote mpaka zile za meza kuu. Bwana harusi alikuwa anatabasamu huku machozi yanamtoka. Mtu mmoja tu alimaliza sahani akaomba nyingine.

"Baharia, hiyo si ni chumvi tupu?" nikamuuliza.

"Nyama ya meli ilikuwa hivi hivi," akasema akitafuna kwa furaha. "Nimekumbuka ujana."

Tangu siku hiyo, kwenye kila sufuria ya kikundi chetu, mwiko hautoki mkononi bila maneno. "Chumvi imeingia, maji bado." Na mwenzako anasema, "Chumvi imeingia, maji bado." Ndiyo unaachia.

Sasa nikuambie kilichokuwa kinaninyima amani. Baharia hakuwa na mke wala mtoto, na kanisani alikuwa haingii. Mtu kama huyo akifa hapa mjini, ni kanjo, wale watu wa halmashauri ya jiji, inamzika, na wanaomshusha hawajui hata kama alipenda sukari kwa chai. Nilikuwa namwona akisugua baraza lake, mgongo unazidi kuinama, nasema, Bwana, huyu usimwache aende bila watu wake. Nilimwalika Pasaka. Nilimwalika Krismasi. Nilimwalika Jumapili ambazo hazina jina. Kila mara alinijibu vizuri, na kila mara lilikuwa jibu moja.

"Huko ndani nitashika nini?"

"Hushiki kitu. Unakaa tu unasikiliza Neno."

"Mama, kwenye meli kila mtu ana kamba yake. Asiye na kazi ni mzigo, na mzigo unakaa chini na panya."

Nikamwambia kanisa si meli. Akasema basi ndiyo maana haendi.

Wakati huo kanisa letu lilikuwa limejenga mnara mfupi wa mawe, tukapata tangi kuukuu la chuma la kuweka juu, ili watoto wa nasari wapate maji ya bomba. Tangi lilikuwa zito kama dhambi. Jumamosi tukakusanyika, wanaume na wanawake, kamba ndefu ikapitishwa kwenye kapi kule juu. Pasta akaomba, akahubiri kidogo, halafu akahubiri tena. Kwaya ikaanza wimbo mtamu wa polepole, tukavuta. Yesu wangu! Huyu anavuta mwanzo wa mstari, yule anavuta mwisho, sauti ya tatu wamefumba macho hawavuti kabisa. Tangi likapanda kidogo, likayumba, likagonga ukuta, kamba ikatuteleza, likarudi chini *bum!* karibu na kiatu cha mzee wa kanisa. Yule mzee alikuwa karani, mtu mnene mwenye heshima zake, na siku hiyo aliruka kama msichana wa kuruka kamba.

Baharia alikuwa nje ya ua, amekalia ndoo iliyopinduliwa, ameshika kichwa kama mtu anayeumwa na jino.

"Hamna mwimbaji!" akapiga kelele.

"Watu wote hawa wanaimba, wewe mzee!" mzee wa kanisa akamjibu.

"Ndiyo shida! Mkiimba wote nani anasema sasa ni kuvuta? Mmoja aite, wengine wajibu, na mvute kwenye jibu peke yake. Tulikuwa tunapandisha matanga mazito kuliko hicho kidude chenu, na tumbo halina kitu!"

Mzee wa kanisa akasema nyimbo za mabaharia ni za ulevi na wanawake. Nikaenda mpaka kwenye ua nikamuuliza Baharia kwa sauti ya chini.

"Niambie ukweli. Maneno ya nyimbo zenu ni safi?"

Akafikiria kweli kweli. "Hakuna hata moja, mama."

"Basi wewe lete mwendo. Maneno tutatafuta hapa hapa."

Akaingia. Hakushika kamba, kwa sababu mwimbaji havuti. Akasimama juu ya jiwe, akatuangalia mmoja mmoja, halafu sauti ikatoka ambayo sikujua iko kwenye kifua kile.

"Pasta ametuhubiria..."

"Juu!" tukavuta.

"...mpaka chai imepoa!"

"Juu!"

Pasta akacheka mpaka akavua koti akashika kamba nyuma yangu. Tangi likapanda kwa hatua, hatua.

"Mzee wetu ana tumbo..."

"Juu!"

"...na tumbo halivuti kamba!"

"Juu!"

Nami nikapaza sauti, nikatupa mstari wa Nuhu aliyeita wanyama na hakuna aliyemwambia ngoja kesho. Baharia akaudaka, akautoa kama wake. Mama Atieno akamtupia wa samaki, akaimba hata huo. Tangi likakaa juu ya mnara limenyooka. Tulikaa chini kwenye vumbi tukicheka, mikono inawaka, na yule mzee wa kanisa ndiye aliyemletea Baharia chai ya kwanza.

Nikasema, Bwana asifiwe, sasa amekuwa wetu.

Jumapili iliyofuata akaja kweli. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Akasimama mlangoni akamuuliza Pasta, "Kazi yangu ni gani?" Na Pasta wetu, mtu mwenye moyo mzuri, aliyelelewa kuheshimu wazee, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Mzee, wewe umefanya kazi ya kutosha. Leo keti hapa mbele, kwenye kiti chenye mto. Pumzika tu." Watu wakapiga makofi. Baharia akaangalia kile kiti, akaangalia mto, akasema asante. Akageuka akarudi nyumbani.

Pasta aliumia sana. "Nimemkosea nini? Si nimempa kiti kizuri kuliko changu?"

"Pasta," nikamwambia, "umemweka chini na panya."

Niliomba juu ya jambo hilo wiki nzima, nikifua, nikipika, nikienda ngumbaru na kurudi. Sasa, kanisa letu lilikuwa halina kengele. Tulikuwa na kipande cha reli kimefungwa kwenye mwimo wa geti, na mimi ndiye niliyekuwa nakigonga kwa nyundo kila Jumapili kuita watu. Niliipenda kazi hiyo, sitakudanganya. Ijumaa mchana nikachukua ile nyundo nikaenda kwake. Alikuwa ametoka kusugua, magoti yamelowa. Sikumwalika mahali. Nikamnyooshea nyundo, nikaishikilia, nikasema:

"Jumapili, jua likigusa bati la duka la kona, gonga reli. Anza polepole, halafu haraka. Usiache mpaka uone kitambaa cha kichwa cha Mama Atieno kwenye kona, kwa sababu yeye ndiye wa mwisho siku zote."

Akashika mpini. Mimi sikuachia. Tukakaa hivyo, wazee wawili wameshika nyundo moja kama watoto wanaonyang'anyana. Akanitazama, nikaona ameelewa nimefanya nini.

"Jua likigusa bati la duka la kona," akasema polepole, "nigonge reli. Nianze polepole, halafu haraka. Nisiache mpaka nione kitambaa cha Mama Atieno, kwa sababu yeye ndiye wa mwisho siku zote."

Nikaachia.

Hakukosa Jumapili. Alikuwa anagonga mbili-mbili, kama kengele ya meli yao, mpaka watu wa estate ya pili walijua ni sisi. Akimaliza alisimama mlangoni na nyundo yake, ndani kabisa hakukaa. Neno alilolipenda lilikuwa Amina. Aliniuliza maana yake, nikamwambia ni kama kusema nimesikia, nimepokea, na iwe hivyo. Akapiga paja lake. "Kumbe nyinyi pia mnarudia!" Kutoka hapo Amina yake ilitingisha mabati. Pasta alimwambia siku moja aombe, akafumba macho akasema, "Mungu, sisi tuko hapa. Wewe uko hapo. Amina." Watu wakacheka. Mimi nimesikia maombi marefu yasiyofika huko.

Mwaka jana, mwezi wa baridi, akaniita. Sementi ya baraza ilikuwa na vumbi, na hapo nikajua. Alikuwa kitandani, blanketi mpaka kifuani, nyundo ubavuni. Nilikuwa nimemletea chapati. Akainua mkono, akaigonga kidogo kwenye sahani, tap, tap, tukacheka wote wawili.

"Mama Njeri, magoti yamekataa. Njoo upokee zamu."

"Utapona, Baharia."

"Sikukuuliza hiyo." Akaniletea mpini karibu, nikaushika. "Jua likigusa bati la duka la kona, gonga reli. Polepole, halafu haraka. Usiache mpaka uone kitambaa cha Mama Atieno. Akichelewa, mngoje, usimkasirikie. Siku hizi miguu yake si mizuri, anajificha tu kwa kelele. Na mimi, ni nyinyi mtanipeleka. Si kanjo."

Nilivuta nyundo kidogo bila kurudia, nikidhani ataachia anihurumie. Hakuachia. Vidole vyake vilikuwa kama mizizi.

"Rudia," akasema, kwa upole sana. "Rudia, ndiyo niachie."

Nikajifuta macho kwa leso. Nikarudia. Jua, bati, polepole, haraka. Kitambaa cha Mama Atieno, nimngoje, nisimkasirikie. "Na wewe ni sisi tutakupeleka. Si kanjo."

Uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyetoka kwenye zamu ya baridi, akijua chini kuna blanketi na uji wa moto. Akaachia.

"Haya," akasema akigeukia ukuta. "Acha nishuke nikalale."

Na ndivyo ilivyokuwa, rafiki yangu. Ni sisi tuliompeleka, wote. Nami niligonga reli mbili-mbili mpaka kitambaa kikatokea kwenye kona, kinakuja polepole sana, na nilingoja.

Sasa mkono wangu bado uko kwenye hadithi hii, na wako umeishika. Mtafute mtu mmoja, jirani yako, binti yako, yule unayekaa naye kwenye benchi, umwambie kulikuwa na Baharia hapa Maringo. Halafu usimwachie hivi hivi. Mwambie arudie.